Kitambaa cha Mama Juu ya Mashine ya Barua

Sfax,
Jumapili mchana

Kaka Mondher,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lyon, na baridi haijakuzidi nguvu. Mimi sijambo, ahsante kwa kutouliza. Mama naye hajambo, magoti tu yanamsumbua akishuka ngazi.

Kwanza habari za ile mashine yako. Ulipoiweka sebuleni chini ya kabati la vyombo, ulitutangazia kwamba tangu siku hiyo barua pepe za ukoo wetu zitafikia nyumbani kwetu wenyewe, si kwa makampuni ya watu yanayozichungulia. Nani alipanga foleni ofisi ya simu kuomba nyumba ipewe anwani ya mtandao isiyobadilikabadilika? Mimi. Nani aliwabembeleza wafungue ule mlango wa mtandao wa kupokelea barua pepe, ambao wao huwafungia wateja wa majumbani? Mimi huyu huyu. Wewe ulikuwa kwenye simu unafoka kwamba hata mbuzi wa jirani angeelewa haraka zaidi. Ukarudi zako Ufaransa, nikabaki mlinzi wa sanduku.

Umeme ulipokatika mara ya kwanza, nilikupigia roho mkononi. Ukanicheka weee! Ukasema barua haipotei hivyo, mjinga mimi. Anayetuma akikuta kumefungwa hurudi kubisha hodi tena na tena, siku nne au tano, ndipo akate tamaa na kumrudishia aliyeiandika barua yake. Nililishika hilo.

Mama, unamjua, haachi kitu uchi sebuleni. Aliifunika mashine kwa kitambaa chake cha kufuma, akaitundikia na khomsa ya fedha, ule mkono wa kukinga kijicho. Basi siku moja ya joto kali ikachemka, ikazimika hadi jioni. Wiki hiyo nilikuwa nangoja jibu la maabara ya mafuta ya zeituni mjini Tunis, kazi niliyoililia tangu nimalize chuo. Jibu halikuja. Nilipokulalamikia, ulisema bila hata kumeza mate kwamba kitambaa cha mama ndicho kilichoiua barua yangu. Ukamwambia na yeye mwenyewe.

Kaka, mama alilia. Alinifuata jikoni akanishika mikono yenye unga, akaniomba radhi. Mama yangu mzazi ananiomba mimi radhi! Kila akiswali akawa anaomba asamehewe kwa kunikosesha riziki. Na wewe ulijua. Unasikia? Ulijua!

Maana baadaye akili ilinirudia. Mashine izimike mchana mmoja tu, na anayetuma hubisha siku nne tano? Nikaipigia maabara. Bi Raoudha wa masjala, mtu mstaarabu, alishangaa sana. Alisema waliniita kazini, na nikawajibu siku ile ile kwamba siitaki, kwa kuwa mama yangu mgonjwa hana mwingine wa kumtunza. Akanisomea. Kifaransa kitamu kweli, cha mtu aliyekaa Lyon miaka mingi. Kimetoka kwenye anwani yangu, na jina langu chini yake. Na funguo za mashine ile tunazo wawili tu, mimi na wewe uliyeiunda.

Ulitaka nibaki kumtunza mama ili wewe ulale usingizi huko. Ungesema. Ningekutukana, lakini ungesema. Sasa nafasi ile imepata mtu mwingine, na mimi niko hapa hapa, kama ulivyopanga.

Juzi nilimweleza mama yote. Aliinuka, akaiondoa khomsa, akakikunja kitambaa chake vizuri, akachomoa waya ukutani. Nikamkumbusha kwamba nawe unangoja jibu, la kile kiwanda kinachotaka kukupa ukuu wa karakana, na kwamba kwa majivuno yako uliwapa anwani ya ukoo. Akasema anajua. Akaniuliza, hivi huwa wanabisha hodi siku ngapi?

Tunajua unapiga simu, tunaisikia inalia. Ndiyo maana nimekuandikia kwenye karatasi, na nimebandika stempu ya kawaida, ile inayochukua wiki mbili kufika.

Mama anakusalimu sana. Anasema uvae vizuri, baridi isikupate.

Dada yako,
Selwa