Maji ya Goti la Mama Kabula

Jumatatu, 4 Agosti
Jeli imegoma tena. Nimeiweka kwenye maji yaliyovutwa kwenye goti lililovimba, nikasubiri kutwa. Imekaa na dawa yake tumboni. Shahada yangu ya uzamivu yote ni hii: polima, yaani jeli hii, ya kuachia dawa ikikutana na uvimbe wenye moto, na kujifunga uvimbe ukitulia. Kwenye maji yaliyotengenezwa maabara inaachia vizuri. Kwenye ya binadamu, hakuna kitu. Nimechoka.

Jumatano, 6 Agosti
Msimamizi kapiga simu kutoka Dar. Kanipa hadi mwisho wa mwezi. Ikigoma, natupa polima naanza upya. Sina nguvu za kuanza upya.

Alhamisi, 7 Agosti
Kliniki, Shinyanga. Mama Kabula wa Maganzo, baridi yabisi ya miaka. Nilimwamkia, nikamsifu kwa kutembea vizuri. Akacheka.

"Asubuhi nilimeza vile vidonge vya dukani, mwanangu. Nije hospitali natambaa? Watu watasema sina wa kunitunza."

Nikauliza benchi zima. Wote. Wanaoga, wanavaa kitenge kizuri, wanameza vidonge vya kutuliza uvimbe, ndipo wanakuja kuvutwa maji ya goti. Uvimbe unafika umeshatulia, na jeli inajifunga. Fomu yangu iliuliza dawa za kuandikiwa na daktari tu. Mjinga ni mimi, mtoto wa hukuhuku, Ushirombo. Hata bibi yangu alikuwa hivyohivyo.

Jumatatu, 25 Agosti
Kamati ya maadili imeruhusu. Anayeridhia akae siku mbili bila vidonge, daktari akimfuatilia. Mama Kabula aliridhia kabla sijamaliza kueleza. Hilo linanisumbua.

Alhamisi, 28 Agosti
Mama Kabula aliletwa kwa bajaji. Wanawe wawili walimbeba mbele ya benchi zima. Alijifunika khanga usoni. Daktari akavuta maji, mazito, ya manjano.

Saa tisa alasiri jeli ilikuwa imeachia dawa yote. Nilisubiri furaha, haikuja.

Nilimkuta bado kitandani, anasubiri bajaji. Nikamwambia dawa imefanya kazi.

"Basi nichome sindano yake."

Nikamweleza kuwa bado. Miaka mingi. Huenda yeye asiione.

Akakunja khanga yake. Kisha, taratibu:

"Haya, mwanangu. Sasa naruhusiwa kumeza vyangu?"

Daktari aliitikia kwa kichwa. Nikaenda kumletea maji ya kunywa.