Nimebadili Breki Mwenyewe, na Kesho Anapanda Mama Mkwe

Alhamisi, usiku. Ukungu wa mlima Magamba umeshuka mpaka kwenye paa la jiko, na mikono yangu bado inanuka mafuta ya breki hata baada ya kunawa kwa sabuni ya unga na majivu.

Sina raha.

Kesho nampeleka mama mkwe hospitali Korogwe, akaangaliwe mtoto wa jicho. Ametoka Mlalo jana. Ndugu zake walitaka apande basi, akakataa katakata. Alisema mlima huu atashuka na mkwe wake tu, maana mkwe wake ndiye aliyeshusha lori la kabichi toka Soni mpaka Mombo, kwenye ukungu, bila breki.

Hilo lori mnalijua, mnaopita humu. Nimelisimulia misibani, harusini, hata nje ya kanisa baada ya ibada. Mwanzoni lilikuwa na breki mbovu. Kadiri nilivyosimulia, zikazidi kupungua mpaka zikaisha kabisa.

Sasa bibi wa watu kaamini.

Jumapili gari langu dogo lilianza kulia mbele, chuma kwa chuma. Pedi za breki zimekwisha. Mke wangu, Mama Eliza, akasema mpelekee fundi. Mimi? Mtu niliyefumua mashine ya kusaga nikiwa darasa la sita, nikairudishia, ikasaga laini kuliko ilipotoka kiwandani? Nikanunua pedi mjini, nikaangalia video kwenye simu, leo mchana nikapiga jeki.

Na kazi ilikwenda, nisijipunje. Niliweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma. Kalipa, lile dude linalozibana pedi, nililifungua nikalining'iniza kwa waya lisivute bomba lake. Pedi mpya ni nene, haziingii mpaka pistoni inayozisukuma irudi ndani, nikaisukuma kwa kipande cha ubao mpaka ikatii. Gurudumu la kushoto lilinitoa jasho. La kulia nilifanya huku napiga mluzi.

Video niliizima kabla haijaisha. Nilishajua.

Nikarudishia magurudumu, nikashusha jeki, nikatoa mawe, nikawasha gari, nikaliachia kidogo kwenye mteremko wa uani nisikie breki zangu mpya.

Mguu ukazama mpaka chini.

Mama mkwe alikuwa kakaa kule chini kwenye kigoda, anachambua maharage kwenye ungo. Na kwetu mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa mbali. Naamkia shikamoo nimeinama pembeni, anaitikia huku anatazama kando, na likiwepo neno linapita kwa Mama Eliza. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kuniita.

Leo aliniita.

"Baba Eliza! Simama we! Simama!"

Nilivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Gari likasimama juu ya ungo. Yeye alishasogea, kasimama kwenye migomba, maharage mkononi. Hakuumia. Nimeuliza hali yake kupitia kwa binti yake mpaka jibu likarudi: "Mwambie akiniuliza tena ndio nitaumia."

Nimeirudia video, safari hii mpaka mwisho. Jamaa anasema pale: ukisharudisha pistoni, kanyaga pedali mara kadhaa kabla gari halijasogea, ili pedi zikakutane na diski. Nikakanyaga. Ikapanda, ikawa ngumu kama inavyotakiwa. Nimelizungusha gari uani, juu, chini, linasimama. Kila mara linasimama.

Lakini uani si Soni. Ile njia ina kona ambazo ukiingia unaisoma namba ya gari lako mwenyewe kwa nyuma. Na nyuma atakaa mtu ambaye hata breki ikizama sina ruhusa ya kumgeukia.

Nimekaa kwenye kiti tangu magharibi, na mguu wangu wa kulia unakanyaga sakafu.

Basi nimempigia fundi wa mjini. Apande na bodaboda alfajiri, afungue magurudumu, aangalie kila nati niliyoishika. Wakimwona na boksi la spana nitasema ni rafiki yangu amepita kuniaga. Ila akitikisa kichwa, tunapanda basi, na mama mkwe nitamwambia mwenyewe, bila kupitisha kwa mtu. Yeye ndiye aliyeanza.

Sasa hivi Mama Eliza ametoka chumbani kwa mama yake, anabana kicheko.

"Mama anasema kesho anakwenda na wewe, hataki basi. Ila anakuja na jiwe lake."

Nimechungulia. Liko mlangoni juu ya mkoba wake, limeviringishwa kwenye khanga. Jiwe la kuzuia gurudumu. Halizidi kiazi.

Ama ananiamini kabisa, ama hajui gari lina uzito gani.