Shahidi ni Mama Mkwe

3 Machi

Mama mkwe, shikamoo.

Presha inaendeleaje, na magoti je? Mimi mzima isipokuwa mkono. Barua hii namkabidhi muuguzi wa zahanati akupe ukienda kuchukua dawa. Usiisomee nyumbani.

Nimefungua kesi ya madai dhidi ya mwanao. Ile ya jinai alipigwa faini, akatoka anacheka. Sasa nataka anilipe fidia ya mkono. Vidole viwili havikunjiki, siwezi kuongoza kitambaa chini ya sindano, na fundi cherehani wa namna hiyo ni mshona vifungo tu. Wakili anasema atakana, atadai pasi iliniangukia. Siku aliyoniumiza dukani tulikuwa watatu: mimi, yeye, na wewe uliyeleta gauni lipunguzwe.

Najua ninachokuomba. Naogopa hata kukiandika.

Aliyekuwa mkweo, bado mwanao

19 Machi

Mwanangu, marahaba.

Magoti yanalia, presha inapanda na kushuka itakavyo. Barua niliisomea katika choo cha zahanati, nikaichana.

Tangu muachane anaishi chumba changu cha uani. Jana aliletewa karatasi ya mahakama. Hakufoka, angefoka ningepumua. Aliketi akanisaidia kumenya viazi, kisha akaniuliza polepole, “Mama, siku ile wewe uliona nini?” Nikamwambia macho yangu mabovu. Akasema, “Vizuri. Yaendelee kuwa mabovu.” Akachukua kiazi kingine.

Nilimzaa mimi, na sasa nikisikia kikohozi chake naacha kutafuna. Usinilaumu. Siwezi.

Mama yako

6 Aprili

Mama, shikamoo, na pole.

Sikulaumu. Nakuarifu kwamba nataka kuifuta kesi. Jumatatu alikuja akaketi kwenye benchi la fundi viatu, ng'ambo ya barabara, tangu nafungua duka hadi mchana. Hakuvuka. Nikapiga simu polisi, wakauliza amenifanya nini. Nikasema ameketi. Wakasema kuketi si kosa.

Macho yangu yalikuwa kwake tu, hata suruali ya mteja niliyokuwa naipinda kwa mkono nikaishona mguu wa kulia ukashikana na wa kushoto. Tulicheka na mteja, kisha nikaingia nyuma ya pazia la kupimia nguo nikalia. Mwambie nimeshindwa. Labda atakuacha upumue.

Mwanao

14 Aprili

Mwanangu,

Natumaini hujaenda kwa wakili. Usifute. Mimi sikumwambia kitu.

Alipompiga dada yake kwa mwiko hadi akazimia, nilisema ni utoto. Alipokupiga wewe mara ya kwanza, nilikukanda kwa maji moto nikakuambia ndoa ni kuvumiliana. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nilimchelea, mkalia ninyi.

Nitakuja. Nitamwambia naenda kupimwa macho. Naogopa, mwanangu, mpaka kalamu inateleza. Mwambie wakili aniulize upesi, kabla sijamtazama usoni.

Mama yako

2 Juni

Mama, shikamoo.

Hofu ni kwako, na safari hii sisemi kwa mazoea. Hii ni barua ya tatu bila jibu.

Hukumu imetoka leo. Nimeshinda. Hakimu alisoma maneno yako kama ulivyoyasema: “Aliubana mkono wa mkwe wangu juu ya meza, akaupiga kwa pasi mara mbili. Ni mwanangu, na niliona.” Ameamriwa kunilipa fidia na gharama za kesi. Yeye hakuwepo. Wakili alinipongeza, mimi nikawa natazama mlango.

Siku ile ulipotoka kizimbani nilikusihi uje kwangu. Ukasema una kuku wa kulisha. Nikakuacha upande gari. Hilo sijajisamehe.

Muuguzi anasema hii ni wiki ya tatu hujachukua dawa. Jirani yako amemwambia mlango anaufungua mwanao tu, na kila anayeuliza huambiwa umesafiri. Wewe hujawahi kusafiri bila kuaga.

Nakuja kesho asubuhi pamoja na kaka yangu, ofisa wa ustawi wa jamii na askari wawili. Polisi walisita, nikawawekea hukumu mezani, wakanyanyuka. Muuguzi ataipenyeza barua hii kwenye dirisha lako la nyuma. Kama umo ndani, usimjibu neno, usimuudhi. Ukisikia sauti yangu uani, gonga ukuta.

Hata mara moja.

Mwanao