Kapu la Kwenda Musoma

Kabasa, Bunda
6 Machi 2023

Kwa wifi yangu Yunis,

Pokea salamu za Kabasa. Hapa tu wazima, ila mbuzi mmoja anakohoa. Ninyi huko Musoma mmeamkaje, na mgonjwa wetu anakula? Nikipiga simu Eliasi anakunyang'anya na kuniambia, "Niko fiti dada," basi. Kwa hiyo wewe niandikie ukweli, karatasi umpe kondakta wa basi pamoja na kapu hili.

Kidonda changu kimefunga. Bado naliona tumbo la mdogo wangu mwaka jana, limejaa maji, huku watu wa Butiama wakisema ni gongo, na yeye hata togwa iliyochacha alikuwaga haonji. Kumbe mishipa inayotoa damu kwenye ini ilikuwa imeziba. Yule daktari wa kule India tulikopelekwa alisema ugonjwa huu ni wa nadra, na wanaobadilishiwa ini, kati ya kumi, kama wanane hivi wanaufikia mwaka wa tano. Nikashukuru, nikalala kitandani wanikate kipande wampe.

Kwenye kapu kuna majani ya kunde na mchicha wa shambani kwangu. Amepoteza damu nyingi. Mpikie kila siku, damu irudi.

Ni mimi wifi yako,
Ghati

Musoma
20 Machi 2023

Kwa wifi Ghati,

Shikamoo. Sisi tunaendelea vizuri, sijui wewe na mbuzi wako.

Eliasi anatembea mpaka ziwani na kurudi. Vidonge vyake vikubwa ni vya aina mbili: vya kuufanya mwili usikikatae kipande chako, na vya kuzuia damu isigande tena kwenye mishipa. Hivi vya pili atavimeza maisha yake yote, na damu lazima ipimwe mara kwa mara. Nesi ametueleza na mambo ya chakula, tutaongea ukija.

Mboga zako amezimaliza, mchuzi akaukomba kwa kidole. Kapu linarudi na furu wakavu, samaki wa hapa ziwani.

Wifi yako,
Yunis

Kabasa
11 Julai 2023

Wifi Yunis,

Hujambo, na huyo mvivu hajambo? Furu tumewala na jirani yangu Nyamburi. Akaniuliza ile nusu yangu nyingine inaendeleaje. Nikamwambia iko Musoma, inakula ugali bila kulima.

Kiangazi kimeanza, kwa hiyo nimekausha kunde nyingi. Kuanzia wiki hii kapu litakuwa na mafungu mara mbili. Nasikia kwenye simu anajisikia mzima mpaka vipimo vya mwezi huu hakwenda. Mwambie aende, asijifanye daktari.

Jana nilipokuwa napalilia nimemkumbuka akiwa mdogo. Nilikuwaga nambeba mgongoni shambani, yeye anabandika sikio na kusema, "Dada, ndani yako kuna mtu anatwanga."

Wifi yako,
Ghati

Musoma
2 Oktoba 2023

Wifi, shikamoo.

Sina salamu ndefu. Suruali zimeanza kumbana kiunoni. Juzi nilimbonyeza mguu, kidole kikaacha shimo. Tumelazwa. Njoo, na usilete kapu.

Yunis

Butiama
19 Novemba 2023

Kwa wifi Ghati,

Shikamoo. Natumaini ulifika Kabasa salama. Hapa nyumbani kwenu wananitunza, na kaburi la Eliasi limeshasakafiwa.

Tangu tumzike hujaniuliza kitu, na ningependa uniulize. Daktari alisema damu iliganda tena, mishipa ikaziba mpaka kwenye kipande chako. Akauliza kuhusu vipimo tulivyoruka, na kuhusu mboga. Wewe ulikuwa nje.

Wifi, nesi alituambia tangu mwanzo kwamba mboga za kijani zinapunguza nguvu ya vidonge vya damu. Hakutukataza. Alisema ziwe kidogo, kipimo kilekile kila siku, na zikiongezeka tuseme wabadilishe dozi. Nikajiuliza, nitamwandikiaje hivyo mtu aliyepasuliwa tumbo kwa ajili ya mume wangu? Kwetu kapu la dada wa mume halikataliwi. Siku moja nilitaka kumpa jirani bakuli zima, Eliasi akanikuta mlangoni. Akasema, "Dada amekatwa mwili, mimi nikatae kunde zake? Weka mezani."

Nikaweka. Na nesi alipouliza chakula, nikasema ni kilekile. Vipimo vya Julai na Agosti hakwenda, na mimi sikumlazimisha, kwa kuogopa vitanisema.

Nimeandika yote. Sasa useme wewe.

Yunis

Kabasa
14 Januari 2024

Yunis, mdogo wangu,

Habari za huko? Umepata nguvu ya kula? Mimi nipo.

Barua yako nimekaa nayo wiki nane. Siku niliyoisoma nilikwenda shambani nikang'oa kunde zote, na zenye maua. Nyamburi akanishika mikono.

Sikuambii kwamba sina uchungu na wewe. Ninao. Lakini uliniandikia kwamba nesi amesema mambo ya chakula, na mimi nikaendelea kujaza kapu bila kuuliza ni mambo gani. Hata kule India, nilifurahia wale wanane. Wale wawili sikuuliza wanakufaje.

Ungeniambia, ningeudhika. Nisikudanganye, ningeudhika siku mbili, ningesema maneno. Halafu ningeanza kukuletea viazi.

Nimesikia wazee wa Butiama wanataka urudi kwa wazazi wako. Nimeshawaambia utaondoka siku utakayotaka wewe.

Wiki iliyopita nilikwenda kupimwa. Daktari akaniambia ini langu limeota tena, limejaa kama zamani. Akanipongeza. Hili nakuambia wewe peke yako.

Arobaini yake sikufika, nilikuwa sijaweza kukutazama. Mkimsomea misa ya mwaka, nitakuja nikiweza. Nisipoweza, padri akitaja jina lake, nami unikumbuke hata kimoyomoyo, maana ile nusu yangu iko naye.

Dada yako,
Ghati