Zulia la Rangi za Dukani

Busisi, 6 Julai 2025

Mwanangu Hellen,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika ninapoinuka, na sikio la kulia nalo sasa limefuata lile la kushoto. Mtu asiponipigia kelele sikioni sipati kitu, ndiyo maana nakuandikia. Simu ya nini? Mihayo mume wako hajambo? Nyumba mpya mmeizoea?

Venant wa basi anakuletea zulia. Ni katani tupu, nimelifuma tangu Pasaka. Safari hii sikutaka mchezo. Nilivuka kwa kivuko, nikapanda basi mpaka mjini, nikaenda Nyamagana kwenye duka la Sadru, nikachukua rangi za unga: nyekundu, kijani, zambarau na waridi ile inayong'aa. Sadru mwenyewe alinihakikishia hazichuji. Nilipolianika uani, Gladness jirani yangu aliacha kufua akaja kulishika. "Hili la kumtandikia askofu," akasema. Nikamwambia, "La mwanangu. Ana nyumba ya vigae."

Litandike pale wageni wanapokaa.

Ni mimi mama yako


Mwanza, 15 Julai 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, Mihayo anakusalimu sana. Pole na magoti, nitakutumia dawa ya kuchua.

Zulia limefika. Nimelitandika sebuleni na kila anayeingia anauliza limetoka wapi. Asante sana mama.

Nina ombi. Unaweza kunifumia jingine, la rangi za zamani kama lile la marehemu bibi? Nyeusi ya matope, kahawia ya magome, na njano kidogo. Mwezi wa tisa bosi wa Mihayo na mkewe watakuja kula kwetu, na watu wa namna hiyo wanapenda vitu vya asili. Rangi za dukani wanaona zinawaka mno. Simaanishi la kwako, hilo ni zuri.

Mwanao, Hellen


Busisi, 12 Agosti 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi. Dawa nimeipata, inanisaidia kidogo.

Ombi lako lilinishangaza, nikalirudia kulisoma. Rangi za matope tulizitumia kwa sababu hatukuwa na kitu. Bibi yako angeona kopo moja la rangi ya Sadru angelala nalo. Lakini umesema, basi.

Magome nilichemsha hapa hapa nyumbani. Matope ilinibidi niyafuate ziwani, maana yale meusi yenyewe yako pale penye matete. Nilikuwa nimezama mpaka magotini, kitenge nimekifunga kiunoni, watu wakawa wanatoka kanisani. Gladness akasimama juu ya jiwe akapaza sauti: "Mama Hellen, kwani mwanao amekutupa?" Nikamjibu ni yeye aliyeniagiza. Wakacheka, nami nikacheka nao. Nilinawa mikono mara nyingi siku ile.

Linakwenda vizuri. Daraja limeshafunguliwa, sisubiri tena kivuko. Nitakuletea mwenyewe, nilione na lile la kwanza hapo sebuleni.

Mama yako


Mwanza, 20 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Usijisumbue kusafiri na magoti hayo. Mpe Venant, atalifikisha. Siku hizi nashinda kazini na nyumbani hakuna mtu. Nitakuja mimi huko mambo yakipungua.

Hellen


Busisi, 15 Septemba 2025

Hellen,

Mimi mzima. Natumaini na ninyi ni wazima.

Jumamosi nilikuja. Najua uliniambia nisije. Zulia lile limenitoa jasho, nikataka nilione likitandikwa. Nilifika getini saa tisa, mvua ndiyo inaanza. Mlinzi wenu, Ndalahwa, ni mtu wa heshima. Aliniamkia, akasema mnajiandaa kupokea wageni, nisubiri kwenye kibanda chake nisilowe. Nikainama nikaingia. Zulia langu lilikuwa pale chini, mabuti yake ya mvua yamekaa juu ya ile waridi.

Nililitazama. Akadhani nimelipenda. Akaniinamia sikioni, akasema kwa nguvu: "Zuri, eti mama? Madamu alitaka kulitupa. Alisema linamtia aibu mbele ya wageni, nikamwomba." Halafu akanitazama usoni vizuri. "Lakini mnafanana. Wewe si mama yake?"

Nikasema hapana. Nikasema mimi mfumaji tu, nimeleta mzigo wa watu.

Nimekuzaa mimi, Hellen. Sijui neno lile lilitoka wapi. Nililisema upesi, kama mtu anayeogopa kukamatwa. Kwenye mlango wa kibanda nilikuona barazani na gauni jeupe, unapanga viti. Ulitazama getini. Sijui kama ulinitambua. Nikavuta kitenge kichwani, nikamwachia mzigo, nikaondoka na mvua ile ile.

Hapa Busisi nilishamwambia kila mtu kwamba zulia langu liko sebuleni kwako. Wakiniuliza hali ya safari, sijui niseme nini.

Teodora


Mwanza, 17 Septemba 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Leo hali yako naogopa kuiuliza.

Nilikuona. Nilikutambua kwa mwendo ulipokuwa unatoka getini. Nilisimama na kiti mkononi. Ningeita usingesikia, lakini miguu nilikuwa nayo, ningekukimbilia. Nikawaza wageni wako njiani, nawe umelowa, nikakiweka kile kiti mahali pake.

Mzigo wako Ndalahwa aliniletea, na wageni walilisifu zulia hilo jipya. Mke wa bosi alivua viatu akalikanyaga kwa miguu mitupu, akauliza, "Nani amelifuma?" Mihayo akanigeukia, anasubiri niseme. Nikasema, "Kuna mama mmoja ng'ambo ya daraja." Mihayo hakugusa tena chakula. Wageni walipoondoka akaniuliza, "Kuna mama mmoja?" Mpaka leo tunaongea mambo ya lazima tu.

Leo asubuhi nilimfuata Ndalahwa nilichukue zulia lako la kwanza. Hakuwa nalo. Alikuwa amelipeleka kwake Buswelu, mkewe amelifua na kulitandika chumba cha wageni. "Na rangi haikutoka hata kidogo, madamu," aliniambia, amefurahi kabisa. Sikuweza kumwambia alirudishe. Ningesema ni la nani?

Hata lile la matope siwezi kulikanyaga. Napita pembeni ya ukuta.

Nitakuja Jumapili. Tafadhali mama.

Mwanao


Busisi, 6 Oktoba 2025

Mwanangu Hellen,

Nakusalimu. Najua umengoja barua hii.

Jumapili ile ulipokuja nilikuwa ndani. Gladness alipokuambia nimekwenda msibani, mimi ndiye niliyemtuma. Nilikuona kwenye upenyo wa dirisha. Ulikaa kizingitini na lile gauni lako la kazini, watu wanapita wanakutazama, mpaka basi la mwisho likapiga honi. Mara mbili nilishika komeo. Sikufungua.

Usidhani nilikuwa nakukomoa. Nilishindwa kujua nitakutazama kwa macho gani. Wewe umesema mama mmoja, mimi nimesema mfumaji tu. Nikikulaumu wewe, nami nijilaumu, maana nimekukana mbele ya mtu ambaye alishatambua sura yangu kwenye yako. Mzazi gani anafanya hivyo?

Kwa hiyo sitaki tukutane hapa kwangu tulie na kuyamaliza ndani, milango imefungwa. Yaliharibikia getini kwako.

Jumamosi hii nitakuja na basi la asubuhi. Usinipokee stendi. Ndalahwa usimtangulie kumwambia lolote. Ni mimi niliyemdanganya, nami ndiye nitakayemwambia kwamba mimi ni mama yako. Ila wewe uwe umesimama hapo hapo, na Mihayo akiwepo itakuwa vizuri.

Atakugeukia, atakuuliza kama ni kweli. Mjibu kwa sauti kubwa, nami nisikie.

Mama yako