Wa Miezi Saba

Jumanne, 14 Oktoba
Nimesahihisha madaftari ya darasa la tano nikiwa nimesimama. Kukaa kunauma. Ni mgongo tu, nimejiambia. Jumamosi tulikata mahindi kutwa. Mama mkwe ameuliza mbona sili. Nimemdanganya. Mimba ina wiki ishirini na tisa.

Jumatano, 15 Oktoba
Si mgongo. Tumbo linakaza, linaachia, linakaza. Damu kidogo. Mwalimu mkuu amenileta hospitali Eldoret kwa gari lake.

Njia ya uzazi imeanza kufunguka. Saa nane nimedungwa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto. Ya pili ni kesho, saa nane vilevile. Hadi hapo asitoke. Nimeambiwa kana kwamba ufunguo ninao mimi.

Alhamisi, 16 Oktoba. Asubuhi
Nimelalia ubavu wa kushoto. Sikohoi. Naogopa hata kwenda haja. Mwenzangu wa kitanda cha pili amelala hivi wiki mbili. Namwonea wivu.

Mama mkwe amekuja na chupa ya dawa ya miti. Ya kuharakisha uchungu.

“Chebet, kunywa azaliwe sasa. Wa miezi saba huishi. Wa nane ndio hufa.”

Nesi amemwambia kila siku tumboni ni faida. Hakusikia. Amezaa saba, wote nyumbani. Nesi ni mtoto kwake. Mkamwana hamkatalii mama mkwe. Nimeipokea, nikaificha chini ya blanketi. Alipotoka nimeimwaga kwenye sinki. Nimerudi kitandani kama mwizi.

Ijumaa, 17 Oktoba
Alikuja jana saa sita na nusu. Msichana. Sindano ya pili haikumfikia. Sikusukuma, naapa. Mwili haukuniuliza.

Hakulia. Wakamkimbiza kwenye chumba cha watoto njiti. Kilo moja na kidogo. Hana hata kofia. Kwetu hatununui nguo kabla mtoto hajazaliwa.

Mama mkwe anawapigia watu simu. Dawa imefanya kazi, anasema. Namchukia. Sijamwambia kwamba niliimwaga.

Jumapili, 19 Oktoba
Nimekamua maziwa. Kijiko hakikujaa.

Leo mama mkwe ameruhusiwa kusimama kwenye kioo cha chumba cha watoto. Ametaja majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, kama tufanyavyo. Jina ambalo mtoto hulipigia chafya ndilo lake. Ametaja yote aliyoyajua. Mtoto alikuwa na mpira wa hewa puani. Kifua kilipanda, kikashuka. Chafya hakuna.

Mama mkwe akakaa kwenye benchi, kitambaa cha kichwa mkononi.

“Huyu wako, hata mimi sijui ni nani,” akasema.

Nikakaa kando yake.