Jado ametapika juu ya ziwa

Evode, mi nimechoka. Tangu mwaka wa 99 uanze, kila wiki mutu ananitapikia ndani ya ndege.

Leo ni Jado, mwanafunzi wangu wa urubani. Tunashuka Gisenyi, tuko juu ya ziwa, yeye ndiye anaendesha. Nyuma iko Mama Mukagatare, abiria wetu. Mama akatapika. Jado kusikia ile harufu, akaachilia usukani, akatapikia magoti yangu. Magoti yangu, Evode!

Nikashika usukani. Upepo unatusukuma, mama analia, "Yesu we, tunakufa!"

Tukatua salama. Bon, nikataka kumwambia Jado arudi kwao Rugerero, hii kazi haimufai.

Akapangusa mudomo, akaniuliza: "Chef, kesho tunaruka saa ngapi?"

Nimekosa nguvu ya kukataa. Nimemwambia saa mbili, na asikunywe maziwa kabla ya kuruka.